Jina la Shangazi Uwanjani

Watu wanaosema ni vizuri timu ikafungwa mapema, mwanzoni mwa msimu, ningependa siku moja wakae pale nilipokaa mimi, kwenye saruji ya uwanja mmoja wa Muleba, kichwa cha shangazi yangu kikiwa mapajani mwangu na macho ameyafumba. Halafu waniambie tena kwamba kufungwa ni dawa. Dawa gani, jamani? Nyuma yangu nasikia mtu anasema, "Afadhali imetokea mechi ya kwanza." Kidogo tu nimrushie chupa ya maji.

Tulikuwa timu ya wasichana ya mpira wa kikapu ya chuo cha ualimu, Bukoba mjini. Nasema wasichana kwa mazoea tu, maana mmoja wetu alikuwa mama wa watoto wakubwa, na huyo ndiye shangazi yangu. Alikuwa amefundisha shule ya msingi kule Kashozi miaka mingi, akaja chuoni kujiendeleza, na mimi nikaingia mwaka huo huo nikitokea sekondari. Basi tukajikuta darasa moja, dawati moja, mimi na mtu aliyenifundisha kufunga kamba za viatu. Akinong'ona kuniuliza jibu, nilikuwa nasimama kwanza ndipo namjibu. Darasa zima linacheka.

Baba yangu alifariki nikiwa mdogo. Mama akaenda Goziba, kisiwani, kupikia wavuvi, na Goziba hufiki ila kwa mtumbwi au boti, kwa hiyo tulikuwa tunamwona mara chache. Aliyenilea ni dada wa baba, huyu huyu. Na watu wa kwetu wanajua shangazi ni nani. Mama yako unaweza kumnunia siku nzima na bado akakupakulia ndizi. Shangazi, thubutu! Ndiye atakayeulizwa siku ukichumbiwa, ndiye atakayekaa mbele siku ukiolewa, na akikukasirikia kwa dhati, wazee wanasema hata watoto utakaozaa watajua. Jina lake sikuwa nimewahi kulitamka maishani mwangu. Nikiwa mdogo tulikwenda zahanati, nesi akaniuliza nimekuja na nani, nikasema na shangazi. Anaitwa nani? Nikamgeukia mwenyewe ajibu.

Alijiunga na timu kwa sababu usichana wake wote alicheza netiboli, na pale chuoni netiboli haikuwepo. Siku za mwanzo alitutia aibu na kicheko kwa pamoja. Alikuwa anasimama mbali na mwenye mpira, mikono juu, kama netiboli inavyotaka, na kocha anapiga kelele, "Mama, msogelee, hang'ati!" Lakini alipozoea kusogea, ndugu yangu, alikuwa akikushika hupumui. Alikuwa mfupi, mwenye miguu ya mtu aliyepanda vilima vya Kashozi na ndoo kichwani tangu utoto, na hakuchoka. Kocha akampa kazi ya kumkaba mleta mpira wa timu pinzani kuanzia mwisho wa uwanja hadi mwisho mwingine, akirudi kinyumenyume mbele yake, asimpe nafasi. Mimi kwa huu urefu nilioupata kwa baba niliwekwa chini ya kikapu.

Sasa nieleze kitu kimoja, maana bila hicho hamtaelewa nilichokuwa naogopa. Kwenye mpira wa kikapu kuna kitu kinaitwa skrini. Mchezaji wa timu pinzani anakuja kimya kimya anasimama kama nguzo mahali ambapo wewe unayemkaba mwenzake utapita. Haruhusiwi kusogea, lakini akishasimama, ukimgonga ni juu yako. Na kama unarudi kinyumenyume, au macho yako yote yako kwenye mpira, humwoni. Kinachokuokoa ni sauti ya mwenzako anayeona. Na anayeona uwanja mzima ni yule wa chini ya kikapu. Yaani mimi.

Mechi ya kwanza ya msimu tulikwenda Muleba. Wale wenyeji wetu walikuwa na dada mmoja mwenye mabega mapana na uso mpole sana, ambaye nilipangiwa kumkaba mimi. Tulicheza vibaya tangu mwanzo. Kila mtu alikuwa anakimbia kivyake, hakuna anayemwambia mwenzake kitu, na wao wanatupita kama tumesimama. Shangazi peke yake ndiye alikuwa anawasumbua, kila mara yuko usoni kwa mleta mpira wao. Nikamwona yule dada wa mabega anaondoka kwangu, anapanda juu taratibu, anakwenda kusimama nyuma ya bega la kushoto la shangazi. Nikajua. Nilijua kabisa kinachokuja. Mdomo ukafunguka, na sauti niliyoikuta humo ni ile ninayotumia kwake siku zote, ya chini, ya kuomba: "Shangazi, samahani..."

Hata mwenyewe sikuisikia.

Kishindo chake sijakisahau. Ni kama mtu ameangusha gunia la kahawa mbichi kutoka juu ya gari. Shangazi aligonga kwa ubavu, akarudi nyuma, akaanguka kisogo kikagusa saruji. Sikumbuki nilikimbiaje. Nakumbuka nimemshika kichwa, nakumbuka midomo yake inatafuta hewa na hewa haiji, na yule dada wa mabega amepiga magoti pembeni yangu analia, "Bojo mama, nisamehe, bojo." Bojo ni neno letu la kubembeleza, na alilisema kwa uchungu mpaka nikashindwa kumchukia. Niliogopa hofu ambayo sijui kuieleza. Nilijiambia, baba amekufa na sasa dada yake naye anakufa, na anafia mikononi mwangu mbele ya watu wanaokula miwa.

Hakufa. Hewa ilirudi, akafumbua macho, akaniangalia, akasema, "Sketi yako imepanda." Ndivyo alivyo. Akasaidiwa kutoka nje, nasi tukaendelea kufungwa mpaka filimbi ya mwisho, na sitaki kuwaambia kwa tofauti gani.

Kocha wetu alikuwa mwenyeji wa Bukoba mjini, Mwislamu ambaye babu zake walitokea pwani, na ulimi wa pwani alikuwa nao mzima. Alitukusanya kando ya uwanja. "Nyie mmekuja kucheza au mmekuja kuzika? Mbona kimya vile? Mtu anagongwa kama ng'ombe barabarani na wenzake mnamwangalia!" Tukainamisha vichwa. "Ulinzi ni mdomo. Anayeona anasema. Na mimi najua kinachowasumbua, mnaoneana haya. Huyu mkubwa, huyu wifi, huyu shangazi. Sasa nisikilizeni: shikamoo iacheni nje ya mstari. Mkitoka mtaikuta hapo hapo, haina miguu." Halafu akasema lile lililonichefua: "Msihuzunike sana. Timu ikifungwa mapema inajijua. Hii itatusaidia." Nikamtazama shangazi ameshika ubavu, rangi imemtoka. Itamsaidia nani?

Hatukurudi Bukoba na wenzetu siku ile. Shangazi aliomba ruhusa tupitie Buganguzi kwa bibi, mama yake, kwa kuwa tulikuwa karibu. Bibi alikuwa uani anatafuna punje za kahawa, akatupokea kwa furaha, tukapiga magoti tukamwamkia, na shangazi alipojaribu kuinuka akashindwa. Ndipo bibi akamfunua blauzi. Mawe, mama yangu! Ubavu wote ulikuwa umevimba na kugeuka rangi ya bilinganya. Bibi akaacha kutafuna.

"Nani amempiga mwanangu?"

Nikaeleza. Nikaeleza na maneno ya kocha, kwamba tunatakiwa tuitane kwa sauti, na kwa majina, ili aliye hatarini ajue ni yeye. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza polepole kana kwamba hakusikia vizuri: "Umwite jina? Wewe? Shangazi yako, dada wa baba yako, umpigie kelele jina lake mbele ya watu wa Muleba kama unafukuza mbuzi?"

"Ndivyo kocha anavyotaka, bibi."

"Huyo kocha ana shangazi?"

Bibi akachemsha maji, akawa anamkanda shangazi kwa kitambaa, na kila anapokanda ananiambia mimi. Kwamba jina la mkubwa si la kurushwarushwa. Kwamba alimjua binti mmoja aliyemtukana shangazi yake na hakuwahi kupata mtoto. Shangazi mwenyewe alikuwa ameuma meno kwa maumivu anaangalia migomba. Nilitamani aseme tu, "Mama, mwache, ataniita." Au aseme, "Kweli, asiniite." Hakusema lolote katika hayo mawili, na mimi sikuthubutu kumuuliza.

Tuliporudi Bukoba akapimwa hospitali. Daktari akasema mbavu hazijavunjika ila zimepata mshtuko mkubwa, apumzike, na akigongwa tena mahali pale pale kabla hajapona vizuri, ubavu mmoja unaweza kuvunjika ukatoboa pafu. Aliyasema hayo akiandika, bila kuinua uso, kama mtu anayeagiza chai. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Kuanzia pale sikula vizuri mpaka msimu ulipoisha.

Alipumzika kidogo tu, akarudi mazoezini. Nilimpigia magoti kule Kashozi, jikoni kwake, nikamwomba aache. Alikuwa anamenya ndizi. Akasema, "Nimezaa, nimezika, nimefundisha darasa la kwanza watoto mia na kelele zao. Mpira ndio utaniua?" Nikasema daktari amesema. Akaendelea kumenya. Halafu akasema, safari hii bila mzaha, "Mwanangu, tangu niolewe, kila kitu ninachofanya kuna mtu ananingoja nikimalize. Pale uwanjani hakuna anayeningoja. Usiniondolee." Mtu akishakwambia hivyo unaanzia wapi tena?

Nikaenda kwa kocha. Nikamwambia amweke benchi, aseme ni uamuzi wake. Kocha akakuna kichwa, akatazama huku na huku.

"Mwambie wewe."

"Wewe ndiye kocha."

"Yule ni mkubwa wangu bwana, nitaanzaje?"

Nikamwangalia hadi akacheka mwenyewe. Haya, shikamoo yako mbona hujaiacha nje ya mstari? Sikusema, lakini alinisoma usoni.

Basi ikabaki njia moja, kujifunza kupiga kelele. Na wenzangu, nikiri ukweli, walijifunza. Ile hofu ya Muleba ilikuwa imetuingia sote, si mimi peke yangu, na kila mazoezi kocha alikuwa anatupanga tunasimamiana skrini na anayeona anasema. Mwanzoni ilikuwa vichekesho. Msichana mmoja wa Karagwe, mwenye adabu kupita kiasi, alikuwa anasema, "Dada, naomba uangalie upande wako wa kulia," na kabla hajafika kwenye kulia mtu ameshagongwa. Tukajaribu kusema "Kulia!" tu, kwa kifupi. Wote watano tukageuka kulia, mpira ukapita kushoto. Kocha alilala chini kwa kucheka. Kwa hiyo ikawa lazima jina, kisha upande. Wasichana wenyewe kwa wenyewe walizoea haraka, majina yakawa yanaruka uwanjani hadi wapishi wa chuo wanatoka nje kutazama.

Kasoro shangazi. Yeye timu nzima ilikuwa inamwita Mama, na tulidhani hilo litatosha, silabi mbili, jepesi. Tukaenda kucheza mechi ya kirafiki pale mjini, mtu mmoja akapiga kelele, "Mama! Kushoto!" Shangazi akageuka nyuma kwa hofu kuangalia nani ameumia. Kwetu mtu akishtuka anaita mama, akijikwaa anaita mama, akiona panya anaita mama. Uwanja mzima watazamaji wanaita mama kila mpira ukigonga chuma. Mwanamke aliyezaa na kufundisha watoto ukimwita hivyo kwa ukali hawazi skrini, anawaza damu. Tukajaribu "Shangazi". Kinywani mwangu neno hilo halikujua kupanda. Nilikuwa nimelisema kwa unyenyekevu tangu naanza kusema, nikilikaza linakatika katikati. Kocha akamaliza maneno: "Jina lake. La kwake mwenyewe, alilopewa na wazazi. Ni fupi na hakuna mwingine analo hapa." Akalitaja waziwazi mbele yetu. Nikahisi kama amemvua nguo.

Wenzangu hawakuweza. Waliniachia mimi, wakisema wewe ni wa damu yake, wewe ndiye uko chini ya kikapu. Na mimi ndiye niliyekuwa na bibi kichwani. Ikawa kila mazoezi, skrini ikija kwa shangazi, nafungua mdomo, kimya. Kocha alikuwa anapuliza filimbi anaturudisha. Shangazi alikuwa anasubiri ameinama, mikono magotini, hanitazami. Sijui alikuwa ananionea huruma au amechukia. Hilo la kutojua ndilo lilinimaliza.

Katikati hapo tulishinda. Tulishinda mechi baada ya mechi, timu ambazo mwaka uliotangulia zilitufunga tulizifunga, na kila mtu pale chuoni akawa fundi wa kueleza. Wakufunzi wakaanza, "Mnaona? Ile ya Muleba iliwaamsha." Wanafunzi wakikutana nasi kantini: "Heri mlifungwa mapema!" Sibishi kwamba tulibadilika. Tulianza kusemeshana, na timu inayosemeshana inajua kukaba. Lakini nilitamani mtu mmoja tu aulize tumebadilika kwa sababu gani. Hatukujifunza kwa ajili ya kupenda mpira. Tulimwona mtu hapumui. Nikisikia sifa zile nilikuwa natazama mkono wa shangazi, maana alikuwa na mazoea mapya ya kujishika ubavu akicheka. Kila ushindi ulitusogeza karibu na mechi ya marudiano na wale wale wa Muleba, na yule dada wa mabega.

Walikuja Bukoba mwishoni mwa msimu. Nilikuwa nimeomba mvua wiki nzima. Mvua yetu mnaijua, ikishuka kutoka ziwani haiulizi mtu, na siku hiyo asubuhi ilishuka kweli, uwanja ukawa bwawa. Nikamshukuru Mungu kwa machozi. Mchana ikakatika. Nikatoka bwenini nikawakuta wenzangu na wale wageni, wote pamoja, wameshika mafagio ya chelewa wanasukuma maji nje ya uwanja huku wanaimba, na shangazi yangu ndiye anayeongoza wimbo. Nikaegemea ukuta.

Alinikuta chumba cha kubadilishia nguo nimekaa tu. Akanifunga nywele zangu vizuri, kama zamani, akasema, "Mbona mikono baridi?" Nikasema ni mvua. Nilikuwa nimejiandaa kumuuliza: nikuite au nisikuite? Swali lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Wenzetu wakaingia wakipiga makofi, na yeye akatoka nao.

Mechi ilikuwa ya kubanana mwanzo hadi mwisho. Tulikuwa timu nyingine kabisa na wao wenyewe walishangaa. Majina yalikuwa yanaruka, kulia, kushoto, nyuma yako, na skrini zao nyingi hazikushika. Yule dada wa mabega nilimng'ang'ania kama kupe. Akipiga hatua moja kuelekea kwa shangazi, nami namvuta jezi, refa akaniona, akaniadhibu, na sikujali. Kocha akawa anapiga kelele, "Usimshike! Sema! Sema!" Watu walikuwa wamejaa hadi ngazi za bweni. Kipindi cha mwisho tukatangulia kwa pointi moja, na ulikuwa umebaki muda wa shambulio lao moja tu.

Mleta mpira wao akaanza kupanda nao. Shangazi mbele yake, anarudi kinyumenyume, mikono imetanda, jasho linadondoka kwenye kidevu. Ndipo yule dada akanichomoka. Alinipiga chenga ya mwili, nikabaki nimeshika hewa, na nilipogeuka alikuwa ameshasimama. Upande ule ule. Ubavu ule ule. Shangazi anarudi, anarudi, bado hatua chache, na niliona kila kitu kama nilivyokiona Muleba, hata kile kitambaa alichofunga kichwani. Bibi alikuwepo kichwani mwangu akisema mbuzi, akisema watoto. Nikaona, bora nisizae. Haki ya Mungu, ndivyo nilivyowaza, kwa maneno hayo hayo.

Nikamwita.

Sauti iliyotoka sikuijua. Ilitoka chini ya mbavu, nzito, na jina lake likaenda peke yake juu ya kelele zote za uwanja. Kushoto sikuwahi kusema, pumzi ilikwisha kwenye jina.

Shangazi alisimama. Hakupunguza mwendo, hakukwepa, alisimama kabisa, mikono ikashuka, hatua moja tu kutoka kwenye kifua cha yule dada. Hakuguswa hata unywele. Na mleta mpira akampita pembeni bila mtu, akaja kwangu, na mimi nilikuwa bado nimesimama mdomo wazi kama mjinga. Akaweka mpira kikapuni taratibu. Filimbi ikalia. Tumefungwa kwa pointi moja.

Nisiwadanganye, sikusikia uchungu wowote wa kufungwa. Nilikuwa naangalia ubavu wa shangazi unavyopanda na kushuka, mzima, nikawa nalia kwa shukrani. Lakini wenzangu walikuwa wamechanganyikiwa. "Mama, mbona umesimama? Mama, si ungempita tu? Umepata nini?" Kocha alirusha taulo chini, akaliokota, akalirusha tena. Shangazi alipita katikati yao, akavuka uwanja, akaenda kusimama kwenye bomba la maji nyuma ya darasa, amenipa mgongo. Bomba lilikuwa wazi linamwaga na wala hanawi.

Furaha yote ikaniishia. Nikajua sasa yamenifika. Nimemwita mbele ya chuo kizima, nimemshtua, nimemfedhehesha, na kwa ajili yangu amelaumiwa na watoto wadogo. Nilikwenda mpaka pale bombani, nikapiga magoti kwenye tope, jezi na yote.

"Shangazi, nisamehe, waitu." Waitu ni heshima yetu ya mwisho, hakuna neno la juu kuliko hilo. "Niliogopa utakufa. Nisamehe, usinilaani."

Alifunga bomba. Aligeuka polepole, na uso wake ulikuwa umelowa, na alikuwa hajanawa.

"Unajua nani alikuwa ananiita vile?"

"Sijui, shangazi."

"Baba yako." Akafuta uso kwa kiganja. "Bibi yako hulivuta jina, kama anaimba. Mume wangu huniita mama fulani. Shuleni naitwa mwalimu, kwenu naitwa shangazi, kwa wasichana naitwa mama. Kaka yangu peke yake ndiye alikuwa analirusha hivyo, kwa sauti hiyo hiyo, akiwa ng'ambo ya shamba ananitafuta twende nyumbani. Tangu tumzike sijalisikia." Akashika ubavu, lakini hakuwa anacheka. "Sikusikia skrini, mwanangu. Nilisikia nimeitwa. Nikasimama anikute."

Kule uwanjani wenzetu walikuwa wanapeana mikono na wale wa Muleba, na kuna mtu alikuwa ameshaanza kueleza kwa sauti kwamba hata hii itatusaidia mwakani. Shangazi aliniinua kwa kiwiko, akanifuta tope gotini kwa mkono wake.

"Hebu niite tena," akasema.

Niliogopa kuliko pale uwanjani, maana sasa hapakuwa na hatari yoyote ya kuisingizia. Nikalisema jina lake kwa chini. Akatikisa kichwa.

"Si hivyo. Kama ulivyoita."

Nikavuta pumzi, nikaliita kwa nguvu zangu zote, watu uwanjani wakageuka. Na yule mwanamke ambaye sijawahi kumwona akimwitikia mtu yeyote mdogo kwake, alisimama wima mbele yangu, akainamisha kichwa kama mtoto wa kike aliyeitwa na mkubwa wake, akaitika, "Abee."